Mwaka Nilioosha Vyombo

Rosebella alikuja kwangu mwezi uliopita, siku ya Jumatano, saa ile wateja wa chai wameshaondoka na wa mchana hawajaanza kuingia. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa hoteli yangu nikichambua mchele, maana hata kwa umri huu simwachii mtu mchele wa pilau. Niliona viatu kwanza, vya plastiki, vimepasuka kando. Nilipoinua macho nikamwona yeye, amekonda mpaka ngozi ya mikono inaning'inia, na kichwani amejifunga kitambaa cheusi. Alinisalimu akiwa nje. Nilimwambia apite ndani, akasema hapo panatosha. Nikaelewa papo hapo, kabla hajasema lolote, kwamba mume wake amekufa. Nitasema kweli, kwa kuwa sina sababu ya kumdanganya mtu: kitu cha kwanza kilichonijia moyoni hakikuwa huruma. Ilikuwa furaha, tena furaha tulivu, ya mtu aliyekaa foleni muda mrefu akasikia jina lake linaitwa.

Wanangu husema nina kinyongo. Imamu wa mtaa wetu naye amenihubiria juu ya kusamehe mara nyingi, na mara zote akiwa mezani kwangu anakula. Huwa nawasikiliza. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeyaona ya mwaka ule, na wale walioyaona hawajawahi kuniambia nisamehe. Niliuanza mwaka huo nikiwa mpishi, nikafiwa nikakaa ndani, nikarudi kazini, na nilipoumaliza nilikuwa mtu ambaye huyo imamu anamhubiria. Kabla ya hapo nilikuwa mpole. Najua ni vigumu kuamini, waulizeni wahudumu wangu, lakini nilikuwa mpole sana.

Hoteli ya Mzee Ogutu ilikuwa hapa hapa Kisumu, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Ilikuwa na chumba kimoja kirefu cha kulia, kuta zake kijani mpaka kiunoni na nyeupe juu, na nyeupe hiyo ilikuwa imeshageuka rangi ya chai. Jiko lilikuwa nyuma ya chumba hicho, na katikati palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Nyuma ya jiko ulikuwa ua mdogo wenye sinki mbili za saruji, mahali pa kuoshea vyombo, palipokuwa na maji ya mafuta chini na paka juu ya ukuta. Mimi nilishika jiko. Siku za kawaida nilipika samaki wa ziwa, ngege wa mchuzi na mbuta wa kukaanga, kwa sukuma na ugali, na Ijumaa nilipika pilau. Ijumaa watu walikula wamesimama. Walikuja Waislamu wenzangu waliotoka msikitini, makarani wa Kijaluo, madereva wa Kiluhya, hata walimu kutoka Maseno waliosema wamekuja mjini kwa shughuli nyingine. Rosebella alikuwa msaidizi wangu. Nilimpokea akiwa hajui kukata kitunguu bila kulia, nikamfundisha kila kitu kwa hiari yangu, kwa sababu alikuwa mcheshi na mikono yake ilikuwa safi. Aliniita dada.

Mwaka huo mume wangu Idi alifariki. Alikuwa mtu wa pwani, kazi ndiyo iliyomleta huku, na tulimzika alasiri ya siku hiyo hiyo kama ilivyo kwetu. Ndugu zake wakafika, wakasoma, wakarudi zao. Mimi nikaingia eda. Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila wanja, bila dhahabu, na hatoki ila kwa dharura. Nilikwenda kumuaga Mzee Ogutu nikiwa na hofu, maana nilijua hakuna hoteli inayomsubiri mpishi muda wote huo. Akanishika bega akaniambia niende nikakae bila wasiwasi, jiko ni langu, nitalikuta. Aproni yangu ya buluu nilimvisha Rosebella mimi mwenyewe, nikamfunga na kamba nyuma. Alilia kuliko mimi.

Chumba changu cha Kaloleni kilikuwa na dirisha moja, na pazia lake nilikuwa naliacha limefungwa mpaka adhuhuri. Nilikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, nikisikiliza majirani wakichota maji na kugombana. Siku nyingine harufu ya ziwa iliingia na upepo wa jioni, nikakumbuka samaki, nikakumbuka jiko, nikaona aibu kwamba nalikumbuka jiko wakati ninapaswa kumkumbuka Idi. Rosebella alinitembelea kila Jumapili baada ya kanisa. Alileta ngege ndani ya hotpoti, na tulikula pamoja, tukinyofoa samaki yule yule. Kisha angenyoosha miguu na kuanza kuuliza. Dada, bizari unaitia kabla ya nyama au baada? Dada, mbona mchele wangu unashikana? Nilimjibu kwa furaha, maana ndiyo maongezi pekee yaliyonitoa katika msiba. Alitaka pia kujua mambo ya eda. Ikiisha, kuna nini tena? Nikamwambia hakuna. Naoga, navaa nguo nzuri, natoka. Akauliza, na watu wa Idi hawatakuja kukufanyia chochote? Nikamwambia wameshakuja, wameshaondoka, wanifanyie nini? Alilamba kidole taratibu, akabadilisha mazungumzo. Kidole kile nimekikumbuka miaka yote hii.

Siku niliyorudi kazini nilivaa dera jipya la rangi ya zafarani na nikapaka hina mkononi. Nilipita mlango wa mbele nikitarajia watu washangilie. Wahudumu waliinamisha vichwa. Mama Pilista, muuza samaki kutoka Luanda Kotieno aliyetuletea ngege tangu hoteli ifunguliwe, alikuwa amekaa na chai yake. Nilimnyooshea mkono, naye akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Nikaingia jikoni. Rosebella alikuwa mbele ya moto na aproni yangu, akanitazama kwa macho ya mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Pole, dada," alisema. "Vyombo viko nyuma."

Nilidhani ananitania. Mzee Ogutu alinivuta pembeni, karibu na magunia ya makaa, akaanza kuzungusha maneno. Alisema yeye hana neno nami. Alisema biashara ni watu, na watu ndio wanaosema. Nilipomuuliza wanasema nini, akatazama chini. "Wanasema wewe bado ni chi liel, Mama Salma. Na chi liel hawezi pikia watu." Nilikuwa nimeishi Kisumu maisha yangu yote, nilijua neno hilo: mke wa kaburi. Kwa desturi ya Wajaluo, mjane ambaye watu wa mume wake hawajamkamilishia mila za kumtakasa haingii nyumba za watu ovyo, na chakula cha mkono wake kinaogopwa. Ni desturi yao na sikuwahi kuicheka. Lakini haikuwa yangu, wala haikuwa ya Idi, na kabla ya hapo hakuna Mjaluo hata mmoja aliyewahi kumpima mjane wa Kiislamu kwa kipimo hicho. Sisi tulikuwa na eda yetu, wao na yao, na watu wakaheshimiana. Kuna mtu aliyechukua desturi mbili akazifunga pamoja shingoni mwangu. Kwetu sikuwa na kitu kilichobaki kumaliza, na kwao sikuwa nimeanza. Nilimuuliza Mzee ni lini basi nitaruhusiwa. Akasema ni wakati watu wa bwana wangu watakapokuja kunifanyia mila hizo. Maana yake ilikuwa kamwe.

Ningeweza kuondoka. Lakini nilikuwa na watoto wa kulisha, na hoteli nyingine zote zilikuwa zimeshasikia. Nikaenda uani, nikakunja mikono ya dera jipya, nikaosha vyombo. Hina ilitoka kabla ya wiki kwisha. Pale kwenye sinki mtu husahaulika haraka, na anayesahaulika husikia mengi, kwa kuwa kile kidirisha cha sahani kilikuwa wazi kutwa na mlango wa jiko haukuwa na komeo. Nilisikia wateja wakiuliza kama yule mjane bado yuko. Nilisikia Rosebella akiwajibu kwa sauti tamu kwamba yuko nyuma, hagusi chakula, wale tu bila hofu. Na mchana mmoja, chumba kikiwa kitupu, nilimsikia akiongea na mhudumu mmoja, wakicheka na kutafuna mahindi ya kuchoma.

"Lakini atarudi jikoni lini?" mhudumu aliuliza.

"Arudi na nini? Bwana yake hana mtu hapa. Nilimuuliza mwenyewe, akaniambia. Nani atakuja kumfanyia hizo vitu? Huyo atazeekea hapo kwa sinki, yawa."

Nilikuwa na sufuria ya ugali mkononi, ile yenye ukoko mgumu wa chini. Niliisugua mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Nilifikiria zile Jumapili juu ya mkeka, mkono wake na wangu ndani ya samaki mmoja, na yeye wakati wote ananipima. Sikulia. Nilimchukia, na chuki ile ilinishibisha kuliko chakula chochote nilichokula mwaka ule. Kuanzia siku hiyo niliosha vyombo kwa uangalifu mkubwa, nikamwamkia kila asubuhi, nikamwita mwanangu. Nilikuwa nangoja tu, ingawa sikujua nangoja nini.

Aliniletea mwenyewe. Pilau ilimshinda. Ijumaa moja ilitoka bokoboko, nyingine ikaungua chini na kuwa mbichi juu, na Mzee Ogutu akaanza kuhesabu viti vitupu kwa sauti. Alhamisi moja Rosebella akaja uani, akachutama karibu yangu, akanibembeleza. Nije alfajiri, kabla ya Mzee na wahudumu, niipike pilau niiache imefunikwa, nirudi kwenye sinki yangu. Atanikatia nyama nzuri ya kupeleka nyumbani. Nilimuuliza, na wale wanaoogopa chi liel je? Akasema kile ambacho mtu hajaona hakimdhuru. Nilikubali haraka mpaka akashangaa. Alfajiri hiyo nilisimama tena mbele ya sufuria yangu, peke yangu, mvuke usoni, na nilikuwa karibu kuimba. Kufikia adhuhuri viti vilijaa. Nilisikia kupitia kidirisha watu wakimsifu Rosebella kwamba sasa amemfikia mwalimu wake, hata amempita. Ijumaa iliyofuata nikapika tena, na iliyofuata.

Kuna jambo nililiona ambalo hakuna mwingine aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kumchunguza mpishi. Rosebella alipenda kula. Siku nyingine zote alikula jikoni amesimama, akionja hiki na kile. Lakini Ijumaa aliagiza mkate na soda dukani, akaenda kulia nje, karibu na lango. Hata mchuzi wa pilau ulipomrukia kidoleni alijifuta kwa kitambaa. Mwanzoni sikuamini. Nilidhani uzushi ule alioueneza alikuwa anaucheka moyoni. Kumbe aliuamini. Alikuwa anaiogopa pilau yangu kwelikweli, na bado aliipakua kwenye sahani za watu, akawatabasamia, akawaambia karibuni. Nilipoelewa hilo nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikacheka mpaka paka akaruka ukuta.

Nilingoja mpaka Ijumaa ambayo Mama Pilista alileta chama chao. Walikuwa akina mama wauza samaki, wengine wa Luanda Kotieno, wengine wamevuka ziwa kutoka Mbita, wamevaa vizuri, wamejaza meza zote za katikati. Walikula kwa sifa. Kabla hawajamaliza, Mama Pilista akaomba mpishi atoke apongezwe, na Rosebella akatoka na aproni yangu, anajifuta mikono isiyokuwa na kitu. Wakampigia makofi. Nilifungua mlango wa jiko nikatoka nyuma yake, mikono inatiririka povu. Makofi yakafifia.

"Mama Pilista," nilimwambia, "umeshiba?"

Alisema ameshiba, bila kunitazama.

"Basi nashukuru. Pilau hiyo nimeipika mimi. Ya leo, na za Ijumaa zote mlizozisifu."

Rosebella alikuwa mwepesi. Alisema mimi ni mwongo, nimechanganyikiwa na msiba, watu wasinijali. Mzee Ogutu alisimama kutoka kwenye meza yake ya pesa. Sikubishana na mtu. Nilichukua sahani safi, niliyoiosha mwenyewe, nikapakua pilau mezani mbele yao na kuiweka mbele ya Rosebella. Nikamwambia kama ameipika yeye, ale. Chumba kizima kikamgeukia. Alicheka. Alisema ameshiba. Mama mmoja wa Mbita akamwambia mpishi hashibi chakula chake bila kuonja, ale kidogo tu tumalize maneno. Rosebella akatia vidole ndani ya wali, akakusanya tonge dogo, akaliinua. Lilifika kidevuni. Likakwama hapo, punje zikadondoka moja moja kwenye aproni yangu, na mwisho akaliachia lote likaanguka sakafuni.

Mama Pilista alisimama taratibu, mwanamke mpana mwenye sauti ndogo.

"Rosebella," alisema, "hii chakula wewe mwenyewe unaogopa kula. Na sisi ulitupea."

Rosebella alifungua mdomo. Nilimkatiza, maana maneno hayo nilikuwa nimeyaosha pamoja na vyombo kwa miezi. Nikamwambia achague mbele ya watu. Kama mimi ni chi liel na chakula changu kina balaa, basi amewalisha mama zake balaa kila Ijumaa huku anajua. Na kama hakina, basi alinitupa kwenye sinki kwa uongo. Wanawake wawili walitoka nje wakatapika kando ya mtaro. Wengine walishika vichwa. Mama Pilista alibaki akiitazama sahani yake, iliyokuwa imebaki nusu, kisha akakaa, akasema kama ni kufa wangekufa kitambo, akaendelea kula. Alimaliza. Kisha akaninyooshea mkono, ule ule aliouficha kwenye kikombe, nami nikamwacha aushikilie hewani kidogo kabla ya kuupokea.

Rosebella aliondoka kwa mlango wa nyuma, akipita kati ya sinki zangu. Kabla hajatoka nilimvua aproni mwenyewe, nikafungua kamba pale pale nilipoifunga. Mzee Ogutu alinirudisha jikoni jioni hiyo, akaomba radhi, akasema ni watu. Nilimwambia nimeelewa. Nilimpikia vizuri mpaka sikukuu ya Idi ilipokaribia, siku ambayo hoteli yake hupata wateja kuliko siku zote za mwaka, na asubuhi ya sikukuu sikwenda. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya turubai, na sufuria yangu mwenyewe, na nikamwona amesimama mlangoni akiwahesabu wanaovuka.

Basi Jumatano ile Rosebella yuko mlangoni kwangu, na mimi na mchele wangu. Alinieleza kwa ufupi, akiangalia viatu vyake. Alikuwa amepata kazi ya kupika katika hoteli ndogo ya ufukweni kule Luanda Kotieno, akaishika miaka mingi, mpaka mumewe alipougua, akaacha kazi amuuguze. Mume akafa. Ndugu za mume wanagombania shamba, kila mmoja anakataa kusimamia mila zake mpaka mwenzake atoe gharama, kwa hiyo hajakamilishiwa kitu na hajui atakamilishiwa lini. Alirudi kazini wakamkatalia mlangoni. Akajaribu hoteli nyingine mbili za ufukweni, kisha akaja mpaka mtaa wa Obunga, hapa Kisumu, kwa wauza chapati, na kote huko walimtazama kitambaa.

"Kwako tu ndiko hawawezi kunifukuza kwa hiyo," alisema. "Nisaidie, Mama Salma."

Hakuniita dada, angalau hilo alilijua. Nilimtazama sana. Nilitafuta moyoni ile huruma ambayo imamu anasema iko kwa kila mtu, na nadhani iliguswa mahali, maana nilimwona kweli kwamba ana njaa. Nikamwita mhudumu, nikamwambia mama huyu aingie akae meza ya katikati. Rosebella alisita kwenye kizingiti. Alikuwa bado anaamini, maskini, anaogopa kuingiza balaa lake nyumbani kwangu. Nilimwambia hapa kwangu tunaingia. Akaingia kama anayekanyaga maji, akaketi.

Niliingia jikoni mwenyewe. Pilau hupikwa Ijumaa, lakini kulikuwa na ya mteja aliyeagiza, nikapakua sahani kubwa, nikaweka nyama mbili na kachumbari pembeni. Nilimwekea mbele. Wateja wa mchana walikuwa wameanza kuingia, na wale wazee kati yao, wawili watatu, walimtambua. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, mjane mbele ya mjane, nikamwambia ale.

Alijua ninachofanya. Alinitazama mara moja tu, macho yamejaa, kisha akatia vidole. Tonge la kwanza lilichukua muda kufika kinywani, lakini lilifika. La pili likaja haraka. Alikula huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, na hakuacha punje, hata zile za pembeni alizikusanya kwa kidole. Nilikaa pale mpaka mwisho. Sijawahi kupata raha kama ile ya kumtazama mtu akila, hata wanangu walipokuwa wadogo.

Alipomaliza nilichukua sahani, nikamrudishia mikononi.

"Kazi ipo," nilimwambia. "Vyombo viko nyuma."